Sirela alifunga mulango

Siku ya mardi, mangaribi.

Hapana, siamini! Miaka makumi mbili napenda Kapiteni Sirela, ule wa filme ya vyombo vya kusafiri kati ya nyota. Hata mutoto yangu mwanamuke nilimupa jina yake.

Leo na mutoto tuliangalia kwa telefone seri mupya, filme ya vipande, inaonyesha ujana wake. Iko muzuri, siwezi kudanganya. Lakini Sirela anafunga mulango ya chombo, anakimbia, anaacha mama yake inje!

Mutoto akazima telefone, akauliza: «Mama, huyu njo mulinipa jina yake?»

Siku ya lundi anaenda kusoma Lubumbashi, valizi yake ya nguo iko tayari. Naye iko mutoto muzuri, hawezi kuniacha vile...

Akanikumbatia, akacheka. Miye nilikuwa naangalia mulango.