Kwa Katibu, Uliyemweka Mama kwenye Mengineyo

Mwaka mmoja umekatika tangu ulipoiangukia meza yako ya kazi, mdogo wangu, kalamu mkononi na chai ikiwa bado ya moto. Daktari alisema ni moyo. Wenzako wa chama walisema umekufa wakati mbaya, kwa sababu kongamano lilikuwa bado mbali, na kabla ya kongamano hakuna wa kumchagua katibu mwingine. Sisi wa nyumbani hatukujua kwamba kuna wakati mzuri. Tulikufumba macho, tukazima redio.

Wengi wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu gazetini walipishana nawe barabarani miaka yote bila kujua unafanya kazi gani. Ulikuwa Katibu Mkuu wa chama cha wanahistoria wa dunia. Wanachama wake hukutana mara moja kila miaka mitano, wakasomeana makala, wakapiga picha kwenye ngazi, wakarudi makwao. Hapo katikati chama ni mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa wewe.

Dada yetu, fundi cherehani, alikutania siku moja mbele ya wateja wake.

"Kaka, mkutano wenu lini?"

"Mwaka wa nne kutoka sasa."

"Na jana ulishindwa kuja kula na sisi kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mkutano."

"Hee! Harusi ya nani hiyo, ya kupangwa miaka mitano?"

Hukucheka. Ulimweleza habari za kamati za kitaifa, mada kuu na mada ndogo, nani atangulie kusema na nani afuate, mpaka mteja akaona bora aondoke na gauni lisilo na vifungo.

Kazi uliijua, hilo hatukunyimi. Nchi moja ilipogawanyika mbili na kila nusu ikadai kiti cha zamani, wewe ndiye uliyewaandikia mwaka mzima hadi wakakubali meza moja na kura moja, wakipokezana. Walikuwapo wazee wawili wasiosalimiana kwa sababu ya vita vilivyopiganwa kabla babu zao hawajazaliwa. Uliwalaza hoteli moja, ghorofa tofauti, ukawapangia hata zamu za kushuka kunywa chai. Mimi nimefanya kazi na wachimba barabara, wapishi wa kambini na wachunga ng'ombe wenye visu, na sijaona mtu anayejua kutuliza watu kama wewe. Watu wa mbali.

Huruma pia ulikuwa nayo. Profesa mmoja wa upande wa pili wa dunia alipofiwa na mkewe, ulimwandikia kurasa tatu kwa mkono, kisha ukawa unampigia simu kila Jumapili mpaka akaanza kula tena. Majuma hayo hayo mkeo, muuguzi, alikuwa mwenyewe amelazwa hospitalini. Ulimtuma karani ampelekee maua na kadi iliyopigwa chapa: "Kwa niaba ya Sekretarieti." Shemeji aliichomeka kwenye kioo cha sebuleni, ipo mpaka leo. Mgeni akiuliza, humsomea.

Sasa tuseme la nyumba, maana tukiliruka hilo tutakuwa tunakusifu tu, hatukukumbuki.

Chama chenu hakina jengo. Sekretarieti hukaa anakokaa katibu. Wewe ulikuwa na fleti ya vyumba viwili, na masanduku ya makaratasi yalikuja yamejaa lori. Mama alikuwa na nyumba ya vyumba vinne, aliyoijenga na baba wakipokezana koleo. Tena chama chenu, kati ya kongamano na kongamano, huamua mambo kwa waraka: pendekezo linatumwa kwa kila mjumbe, na ambaye hajajibu kufikia mwisho wa mwezi anahesabiwa amekubali. Ni utaratibu mzuri kwa watu waliotawanyika duniani. Wewe ukautumia kwa familia.

Waraka ulitufikia, una nembo na namba juu. Pendekezo: nyumba ya Mama iwe makao ya sekretarieti kwa muda, mpaka kongamano lijalo. Wangu ulinifuata kambi hadi kambi, ukanikuta mwezi umeshakwisha. Nikajibu kwamba sitaki. Ukanijulisha, kwa heshima zote, kwamba pingamizi langu limepokelewa nje ya muda. Dada alikuja mwenyewe, sindano bado ziko kifuani.

"Mimi sikubali," akasema.

"Andika."

"Niandike nini, na mimi nimesimama mbele yako?"

"Mdogo wangu, kura ya mdomo ni ya kongamanoni. Hapa katikati tunakwenda kwa maandishi."

"Mnakwenda nani na nani?"

Ulimwashiria asubiri. Ulikuwa na simu ya mbali.

Na Mama? Mama aliuona waraka wake, akaona nembo ya chama, akadhani ni karatasi yako ya kazi umeisahau. Akauweka juu ya kabati usije ukachafuka. Mwisho wa mwezi akahesabiwa amekubali.

Akahamia kwa Dada, chumba kimoja nyuma ya duka la kushonea, mashine zikinguruma upande wa pili wa ukuta kutwa. Kitanda chake mlikifungua vipande, mkakisimamisha nyuma ya mlango. Chumba chake kikabandikwa kibao: Kamati za Kitaifa, A hadi K. Kongamano likaja, ukachaguliwa tena kwa makofi. Likaja jingine, makofi tena. Kila ulipopita kumwona swali lake lilikuwa moja, na aliliuliza kwa upole, kama mtu anayeomba kusogezewa kiti.

"Mwanangu, narudi lini kwangu?"

"Mama, jambo lako lipo kwenye ajenda."

"Namba ngapi?"

"Lipo kwenye Mengineyo."

Ulipoondoka alimwita Dada. "Umesikia? Nipo kwenye Mengineyo." Akawaambia na majirani, uso umemchangamka. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza kwamba Mengineyo ni pale mwisho kabisa, watu wameshavaa makoti na mwenyekiti anatazama saa.

Ulipokufa tulidhani sasa yamekwisha. Makamu wa Rais wa chama, mama mmoja mpole anayetembelea fimbo, alikuja kukuzika. Tulimwomba jambo moja tu: waondoe masanduku, mama yetu arudi chumbani kwake, umri umekwenda. Alimshika Mama mkono, akalia kweli. Akasema peke yake hana mamlaka, lakini atatuma waraka, na tusiwe na wasiwasi. "Watu hawa huwa hawajibu," akatwambia. "Miaka yote hawajibu. Mwisho wa mwezi mtapata nyumba yenu."

Wakajibu. Wote. Profesa wa simu za Jumapili alijibu siku hiyo hiyo. Wazee wawili wasiosalimiana walijibu kwa barua moja, wametia sahihi wote wawili. Nusu zote mbili za ile nchi, kila moja na barua yake. Walikupenda, mdogo wangu. Wakataka kisiguswe kitu, kila karatasi ibaki pale ulipoiacha, mpaka kongamano lipate nafasi ya kukuheshimu. Makamu alituletea majibu hayo mwenyewe, akashindwa hata kuketi.

"Sijawahi kuona jambo kama hili," akasema.

"Hata sisi," Dada akamjibu, na hakumkaribisha chai.

Tungeweza kuvunja mlango. Mafundi tulikuwa nao, na hasira tulikuwa nayo. Mama ndiye aliyekataa. Alisema tusikuaibishe mbele ya watu wako.

Basi wenzako walipokuwa wanakuenzi, Mama akawa anapotea. Yalianza kuondoka majina ya wajukuu. Ikafuata njia ya kwenda msalani. Kisha kikaondoka kifo chako. Anatuuliza uko wapi, tunamwambia, analia upya kama ndiyo kwanza habari imefika, na kesho yake anauliza tena. Tukaacha kumwambia.

Mwezi uliopita kongamano lilikaa. Tunasikia ukumbi mzima ulisimama kimya kwa ajili yako, na picha yako ilikuwa kubwa kuliko mlango. Wakamchagua katibu mwingine, wa nchi nyingine. Lori likaja likabeba A hadi K na masanduku yote yaliyobaki. Tukapiga rangi, tukakifunga upya kitanda, tukatandika shuka zake za maua. Jumamosi tukampeleka.

Aliingia taratibu, akatazama kuta. Akaketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, mkoba mapajani.

"Vua viatu, Mama. Umefika."

"Hapana, twendeni. Wenyewe wasije wakatukuta."

"Mwenyewe ni wewe. Hapa ni kwako."

Alimtazama Dada kwa lile jicho la kumkanya mtoto aliyetia aibu mbele ya wageni. "Punguza sauti," akasema. "Hapa ni ofisi ya mwanangu. Tukiharibu kitu atagombezwa yeye."

Analala humo, lakini anabana upande mmoja wa kitanda kama mgeni. Kila asubuhi anakunja shuka, anajifunga kitambaa kichwani, anatuomba tumpeleke kwake. Na anatueleza ilivyo, tusije tukapotea njia: vyumba vinne, dirisha la jikoni linatazama mtaro, mlango wa mbele umeinama kidogo kwa sababu baba aliupima kwa kamba. Tunamsikiliza tumeuegemea mlango huo huo. Akikuulizia wewe, tunamwambia uko mkutanoni. Anaridhika.

Unakumbukwa na mama yako. Na mkeo muuguzi. Na wanao wawili, waliokujua kwa sauti ya mashine ya chapa nyuma ya mlango. Na dada yako fundi cherehani. Na mimi kaka yako, ambaye sikuwa na anwani. Mama ameisahau nyumba. Wewe hajakusahau. Na sisi hatutakusahau, Katibu, mpaka tutakapokufuata.