Neno Lililobaki Kwangu

Bissil, Kajiado
Jumapili, 17 Agosti

Kwa Mami wangu Keziah,

Pokea salamu zangu nyingi, nikiomba zikukute umeketi, kwa sababu ukiwa umesimama najua hutasoma hadi mwisho. Goti la Baba linaendeleaje na hii baridi ya Agosti? Ngigi amepata kazi, au bado anazunguka Kitengela akisema anangoja kuitwa? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula vizuri hata uso umejaa, na maziwa ninayopewa hapa kwa siku moja wewe ungeyauza dukani kwa siku mbili.

Usishtuke kuona barua zama hizi za simu. Mtandao huku si mbaya sana, ukipanda kilimani unapata. Shida ni wewe, Mami. Simu unaiweka spika juu ya kaunta huku ukipima sukari, na nusu ya mtaa inajua nilichokula. Hili ninalotaka kukuambia nataka ulisome peke yako kwanza. Baadaye utafanya unavyofanya siku zote.

Unakumbuka nilipokuaga nilikuambia chuo kinatutuma wiki kumi na mbili tukaishi na watu wasio wa kwetu, ili mshauri asiketi ofisini akimtibu kila mtu kwa dawa ya nyumbani kwake. Wewe ukauliza kama ni lazima kulala huko, kwa nini nisiwe naenda asubuhi na kurudi jioni. Mwalimu wetu, Madam Lorna, anasema ukirudi jioni hujaenda. Basi nimekaa. Niko katika boma la mama mmoja mjane ambaye wote tunamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Ninalala nyumba ya mke wa mwanawe, Resiato. Tuko umri mmoja yeye na mimi, ila yeye ana binti wa miaka minne anayeitwa Nasieku, na mvulana ambaye bado ananyonya. Mume wake, Kisemei, anafanya kazi Magadi na huja mwisho wa mwezi. Akija, mimi nahamia kwa Yeyo.

Mwanzoni nilichekesha watu sana. Siku ya kwanza nilimpa mzee mmoja mkono kama ninavyowasalimu wazee wa kanisa, kumbe mtu wa umri wangu anapaswa kuinamisha kichwa aguswe. Mzee aliutazama mkono wangu kama kitu kilichoanguka kutoka kwa gari. Nilikuja na fomu ya chuo inayouliza mtu ana watoto wangapi, na Yeyo akainuka, akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote. Resiato ndiye aliyeniambia huku watoto hawahesabiwi hivyo, kama magunia. Niliificha ile fomu chini ya godoro. Niliandika makosa yangu yote katika daftari la ripoti, na Madam Lorna, ambaye hupita kulikagua, akafurahi, akasema hivyo ndivyo mtu anavyojifunza. Nami nikavimba kichwa, nikaona nimeshaiva.

Sasa sikiliza. Kisemei ana dada mkubwa, Seleina, aliyeolewa Loitokitok. Analima nyanya na vitunguu vya maji ya mfereji, ana nyumba ya mawe na roho nzuri, na katika miaka kumi na moja hajapata mtoto. Wenyewe hapa wana desturi ya kumpa mtoto wa kulea mwanamke wa namna hiyo, awe wake kabisa. Hakuna anayenyang'anywa, wanakaa wanakubaliana. Mwezi wa sita ukoo ulikaa ukakubaliana kwamba Nasieku aende kwa Seleina. Kisemei alikubali. Yeyo alikubali. Resiato aliambiwa, naye akaitikia kama mke anavyopaswa kuitikia.

Wiki ya tano tulikuwa tunakandika ukuta kwa samadi baada ya ile mvua ndogo, yeye na mimi tu. Bila kunitazama akaniambia kwamba tangu aliposikia habari ya Nasieku chakula hakipiti kooni. Akasema Seleina ni mtu mzuri na hana neno naye. Akasema anajua mtoto hatateswa. Lakini yeye hawezi, akasema, mwili wake umekataa, usiku anaushika mguu wa mtoto mpaka kunakucha. Kisha akanawa mikono, akasema sasa ameniambia mimi. Alilisema hilo mara mbili, Mami, kwamba sasa ameniambia mimi.

Nilifanya kila kitu nilichofundishwa. Sikumkatiza. Sikumpa ushauri wa haraka. Nilimuuliza anajisikiaje kulisema jambo hilo kwa sauti. Mwisho nikamhakikishia kwamba halitatoka kwangu, hata kwa Yeyo. Alitabasamu kidogo, nami nikadhani ni tabasamu la mtu aliyetua mzigo. Jioni niliandika kurasa nne. Madam Lorna aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba uaminifu umejengeka na nimefanya kazi nzuri sana.

Zikapita wiki mbili. Karibu kila siku Resiato alikuwa akiniuliza kama nimekunywa chai na Yeyo. Nikisema ndiyo, anatikisa kichwa na kuendelea na kazi. Nilichukulia ni mazungumzo tu. Alianza hata kula, nami nikaandika kwamba mteja anapata nafuu.

Halafu jioni moja nilikuwa namshikia Yeyo kibuyu akikamua. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, huyu mke wa mwanawe ambaye ninalala naye nyumba moja, ndani yake kukoje. Nilijua anauliza nini. Usije ukafikiri sikujua. Lakini nilikuwa nimeahidi, na niliona ndio mtihani wenyewe huo, mtu mwenye nguvu anajaribu kuchungulia siri ya mteja wangu. Nikajibu kwamba Resiato yuko salama kabisa. Yeyo akashusha pumzi, akasema vizuri, basi vizuri, akaendelea kukamua.

Baada ya siku nne Seleina alikuja na gari la kukodi aina ya Probox. Alileta shuka mpya, shanga, na viatu vyekundu vyenye taa zinazowaka mtoto akikanyaga. Wazee wawili walimbariki Nasieku kwa maziwa na majani mabichi. Resiato ndiye aliyempaka mafuta na kumvalisha. Hakulia. Mtoto alikuwa anaruka aone viatu vikiwaka, na alipoingizwa kwenye gari alimpungia mamake mkono kama anaenda sokoni na kurudi. Gari lilipoingia barabara ya Namanga, Resiato aligeuka akanitazama mimi. Hakumtazama Yeyo wala mumewe. Sikuelewa ni kwa nini.

Nilielewa baada ya wiki, tukiwa kwenye pampu ya maji. Alikuwa ameacha kula tena, na mtoto mchanga analia kwa sababu maziwa yamepungua. Nikamwomba aniambie kilicho moyoni. Akaniuliza Yeyo alijibu nini siku ile nilipompelekea neno lake. Nikamwambia sikumpelekea Yeyo neno lolote, nilimwahidi kwamba sitasema, na sikusema. Aliweka mtungi chini. Akampisha mwanamke aliyekuwa nyuma yetu ajaze wake. Kisha akauliza, basi yeye alimwambia nani.

Mami, nimesoma miaka mitatu, na ilinibidi nimwombe anieleze.

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto. Mke hawezi kwenda kwa mama mkwe akamwambia amekataa kitu ambacho ukoo umekubali. Akifanya hivyo amemvunjia mumewe heshima, na hata mtoto akibaki, boma zima litakuwa na kinyongo na mama yake. Lakini neno likipelekwa na mtu wa pembeni, si kukataa tena. Ni habari tu, na mama mkwe akishaisikia anajua la kufanya bila mtu kuaibika. Mimi sina ukoo hapa, sina ng'ombe wala shamba la kugombania, na nililetwa nikalala nyumba yake. Alidhani hata chuo kinajua hivyo, na kwamba ndiyo sababu ya kunituma. Kuhusu ile ahadi yangu ya kutosema, alisema kila mtu anayepewa neno husema hivyo. Ni adabu.

Nilikwenda kwa Yeyo siku hiyohiyo. Resiato hakunituma, na safari hii sikumuuliza kama nimeruhusiwa. Yeyo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akajipiga mapajani kwa mikono miwili. Alisema neno moja lingetosha. Angemwambia Seleina angoje huyu mdogo aachishwe, au angetafutwa mtoto wa nyumba nyingine, na hakuna aliyekuwa na haraka. Lakini mtoto ameshabarikiwa. Kumrudisha sasa ni kuwatakia mabaya Seleina na mtoto mwenyewe, na hakuna mzee atakayeketi kusikia maneno hayo. Halafu, bila hasira, akanikumbusha kwamba aliniuliza. Aliniuliza mwenyewe, akikamua, nami nikasema salama kabisa. Alikuwa ameanza kuona wasiwasi, na jibu langu ndilo alilowapelekea wazee.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemtoa Nasieku. Nimelizungusha kila upande na linarudi hapohapo. Nilimpigia Madam Lorna nikiwa kule kilimani, nikilia. Alinituliza, akasema kimaadili sikukosea mahali popote, mteja ni mtu mzima na siri ni yake. Ripoti yangu imepata alama za juu kuliko zote, na anaomba ruhusa aitumie kuwafundishia wanafunzi wa mwaka ujao. Sijui nimkatalie kwa maneno gani.

Kuna jambo lingine, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie wewe na si mtu mwingine. Mwaka wa kwanza tulipofundishwa kutunza siri, tuliambiwa kila mmoja atoe mfano wa mtu asiyefaa kuwa mshauri. Nilikutaja wewe. Nilisimama mbele ya watu arobaini nikawaigizia unavyoambiwa kitu asubuhi, na kufikia saa kumi umeshachemsha chai na kuita akina mama watatu. Niliwasimulia jinsi Mama Munguti alivyotoroka kwake akaja kwetu akilia, akakuapisha usimwambie mtu, na kabla ya Jumamosi mkawa mko sebuleni kwa shemeji zake. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka kuliko wote. Nilisema nimeingia kozi hii ili nisiwe kama mama yangu.

Sikuwaambia kwamba Mama Munguti alirudi kwake na bado anaishi vizuri. Sikuwaambia kwamba nikiwa kidato cha pili nilikunong'oneza kuwa sitaki kurudi bweni, na kufikia Jumapili Shangazi Kui anajua, mchungaji anajua. Nilikununia mwezi mzima. Muhula uliofuata nilikuwa nasoma shule ya kutwa, nalala kitandani mwangu. Nilikuwa sijawahi kuyaunganisha hayo mambo mawili mpaka juzi. Nisamehe, Mami. Naona aibu kubwa.

Najua sasa hivi unafikiria nani umpigie. Unahesabu nani ana jamaa Loitokitok. Nakuomba usifanye hivyo, hata mimi nimeshafikiria wote na hakuna. Zimebaki wiki mbili nirudi. Nitaosha vyombo, nitachota maji, nitambeba huyu mdogo ili mamake alale mchana. Sina kitu kingine cha kufanya.

Nisalimie Baba, umwambie dawa ya goti anywe yote hata akihisi nafuu. Msalimie Ngigi na Shangazi Kui, na Mama Munguti pia, bila kumwambia sababu. Mungu akuweke mpaka nifike.

Nilikuwa nafunga barua hapa, lakini Resiato ameniletea chai na kuuliza ninamwandikia nani. Nikamwambia mama yangu. Akauliza mama yangu ni mtu wa namna gani. Nikasema ni mtu ambaye ukimwambia neno, halilali kwake. Akanipa kikombe, akasema heri chuo kingemtuma yeye, mama yangu.

Ni mimi binti yako,
Wacuka