Kivuko Kimeondoka na Binti Yangu

Shoga, naandika haraka haraka, nivumilie nikikosea herufi.

Kivuko kimeondoka na binti yangu. Yeye ndani, mimi gatini.

Wiki ya pili tu tangu tuhamie nchi hii, tunakaa ng'ambo ya jiji. Tulikuwa tunavuka kufuata karatasi zake za shule. Nimeinama kuokota tiketi, yeye kapita na watu, mlango ukafungwa. Miaka sita, shoga. Na lugha ya huku hajui hata neno moja.

Nilimkamata mkata tiketi shati. Kile kidogo nilichojifunza chote kikanitoka kichwani, nikabaki na Kiswahili kitupu. "Mtoto wangu yumo humo." Hakuelewa. Nikarudia. Hakuelewa.

Nyuma yangu kulikuwa na mama muuza maua, mgeni kama mimi, ila kwao ni mbali na kwetu. Akanitazama usoni, akaonyesha kwa mkono urefu wa mtoto. Nikaitikia kwa kichwa. Akamgeukia yule mkata tiketi, akamfokea kwa lugha ya huku mpaka yule akachukua redio ya upepo, akawaita walio kivukoni.

Dakika ishirini na tano tukingoja kivuko kirudi. Maua yake yamelala chini, yeye mkono wangu hauachii. Hatuna neno hata moja la kuelewana.

Kimerudi. Binti yangu kashuka na baharia, anatafuna biskuti, ananiangalia kama mkosaji ni mimi.

"Mama, mbona ulibaki?"

Baba yake usimwambie. Nitamwambia mwenyewe akitoka kazini.