Mwangwi Uliomtoa Shangazi Ukumbini

Tandika, Temeke,
kwa anwani ya Mwalimu Projestus,
Dar es Salaam.
22 Septemba 1996

Mpendwa Kaka Jabiri,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, kazi inakwenda, na joto la Muscat halijakumaliza. Sie huku tunapumua. Mke wangu Raudha amepona malaria, na mtoto ameota meno mawili, anauma kila kitu hadi ndala zangu. Hatujambo, basi, ila kwa nyumba hii siku hizi hatujambo ni ya mdomoni tu.

Barua hii nampa Suhaib mkononi kwa kuwa anasafiri kuja huko Alhamisi. Sikutaka ikawie posta. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Mama yako, Shangazi Mwanabaraka, hayupo hapa nyumbani. Ana wiki tatu yuko Kawe kwa mdogo wake. Afya yake nzuri, usishtuke. Ameondoka kwa sababu yangu. Nimemfuata mara nne, na shikamoo yangu haitikii. Ananitazama, kisha anaendelea kuchambua mchele. Mimi, kaka, ambaye tangu nina miaka sita sina mama mwingine isipokuwa yeye.

Chanzo ni ile mashine ya gitaa uliyotutumia mwezi wa nne.

Sikuwahi kukushukuru sawasawa, basi ngoja nikueleze ilivyotuokoa. Kikundi chetu cha taarab kilikuwa kinakufa. Siku hizi Kariakoo kila kitu kipo, na vikundi vipya vina vinanda vya umeme vinavyotoa filimbi, fidla, hata ngurumo za radi. Sie na gitaa langu kavu tulikuwa tunaitwa pale tu wengine wanapokosekana. Mashine yako ikabadili mambo. Gitaa linaingia upande mmoja na sauti yake nyembamba, mashine inaitia nguvu na kuipamba, inatokea upande wa pili kwenda kwenye amplifaya ikiwa imenona. Kufikia mwezi wa saba watu wa Tabata na Magomeni walikuwa wanatupangia foleni.

Kujifunza kuiendesha kulinitoa jasho. Kijitabu chake kilikuwa cha Kiingereza na Kijapani. Mwalimu Projestus, yule Mhaya aliyepanga chumba cha mbele, alikaa nami Jumapili tatu akitoka kanisani, ananitafsiria. Ananisahihisha kama nimo darasani kwake, na nusura tugombane ukurasa wa kumi na moja. Lakini nikajua. Unaitengeneza sauti unayoitaka, unaihifadhi kwa namba, na ukiihitaji unaiita kwa pedali ya mguuni.

Namba moja niliweka mwangwi mrefu usiokatika. Mashine inanasa ulichopiga na kukirudia yenyewe mpaka ukanyage pedali kuinyamazisha. Hiyo ni ya kufungulia shughuli, gitaa likiwa peke yake. Namba nne ni ya Lulu, mwimbaji wetu: mwangwi mfupi wa kumlainishia sauti, kwani mikrofoni yake nayo tuliichomeka humo humo.

Kuna jambo moja nililipuuza. Umeme ukikatika ukarudi, mashine haikumbuki ulikuwa wapi. Inaanza tena namba moja. Mwalimu alinisomea hilo kwa sauti kabisa, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, ili tumalize ukurasa nikanywe chai.

Sasa Jumamosi ya tarehe 31 Agosti tulipiga harusi Tabata, shughuli ya mchana ya akina mama. Shangazi alikuja. Alivaa gauni la kile kitambaa cha zambarau ulichomletea, na kila aliyemsifu alimwambia, "Mwanangu huyo, yuko Uarabuni." Lulu alikuwa anaimba wimbo wangu mpya, wa mwanamke aliyeachwa na mchumba. Umeme ukakatika. Watu hawajamaliza kuguna, ukarudi. Nikashughulika na waya uliokuwa umelegea, na zile namba nyekundu za mashine sikuzitazama.

Lulu akaendelea na ubeti, na Shangazi akainuka na noti yake kwenda kumtunza. Desturi yetu unaijua. Mwanamke akiinuka kutunza katikati ya ubeti, ubeti huo ni wake: ama anamrushia mtu kijembe, ama umemgusa mwenyewe. Shangazi hakuwa na wa kumrushia. Alimpenda Lulu tu, basi. Ubeti wenyewe ni huu:

Chai nimeiandaa, kikombe nimesuuza,
Aliyekwenda harudi, ni mimi najipumbaza.

Mashine ikalinasa neno "harudi". Harudi, harudi, harudi, kwa spika zote mbili, na Shangazi amesimama katikati ya ukumbi mkono juu. Lulu alinyamaza kwa mshangao, mashine haikunyamaza. Akina mama wakadhani tumekusudia. Vigelegele, vicheko, viti vinaanguka. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, si mwanawe ndo kaenda Uarabuni? Miaka tisa hiyo!" Ukumbi ukalipuka upya.

Hapa ndipo ninapokosa usingizi, kaka. Mara mbili tatu za mwanzo sema ni kosa. Lakini pedali ilikuwa chini ya mguu wangu. Ningekanyaga ingekoma. Sikukanyaga. Tangu nizaliwe sijawahi kushangiliwa vile, nikasema moyoni, ngoja kidogo. Nilipoinua macho Shangazi alikuwa ananitazama mimi, si spika. Akaikunja ile noti, akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka taratibu bila kugombana na mtu. Nilirudi nyumbani nikakuta chumba chake kina kufuli.

Safari ya tatu nilipokwenda Kawe nilimchukua Mwalimu Projestus, nikiamini mtu mzima atasikilizwa. Masikini Mwalimu alibeba kile kijitabu. Akakaa mkekani, akafungua ukurasa, akamtafsiria Shangazi habari za umeme na namba moja neno kwa neno. Ningekuwa na raha ningecheka. Shangazi alimsikiliza kwa heshima, akamkaribisha uji, kisha akamwambia:

"Mwalimu, mie sina ugomvi na mashine. Na Farhan namjua, mjinga mjinga tu, kapenda sifa. Kilichonitoa pale ni wale watu. Walicheka wote mara moja, hakuna hata mmoja aliyeuliza wanacheka nini. Kumbe nyie wote mnajua harudi. Mie peke yangu ndo nilikuwa naambiwaga Idd hii, Idd ijayo."

Halafu akanigeukia. Akaniuliza, "Zile Idd, aliziandikaga yeye?"

Kaka, niliukodolea macho uji wa Mwalimu mpaka ukapoa, na Shangazi akainuka akaingia ndani. Tangu hapo hajanisemesha.

Wewe unajua kuwa hukuziandika. Ulikuwa unaleta salamu na habari za kazi, na mimi ninayemsomea, nikimwona anasubiri, nikaongeza mwenyewe: "Inshallah Idd ijayo tutakuwa pamoja." Mara ya kwanza ilikuwa huruma. Alifurahi mno, akapika pilau. Baada ya hapo sikujua pa kuachia. Miaka sita nimekuwa nakutungia maneno. Na ile barua yako ya mwaka juzi, uliyonieleza kuwa umeoa huko na una watoto wawili, ukaniomba nitafute namna ya kumwambia, sikuitafuta. Niliisoma moyoni, kisha nikamsomea habari za joto na bei ya samaki. Wajukuu wake wawili, na hajui kama wapo.

Nina hasira na wewe pia, nisikufiche. Uliniachia mzigo ambao ni wa mtoto wake mwenyewe. Unaleta vitambaa, unaleta redio, unaleta mashine, na kila kinachofika kwenye sanduku, yeye anakipokea kana kwamba kinakutangulia wewe. Lakini hasira yangu haiondoi kosa langu. Mimi ndiye niliyemdanganya ana kwa ana, tena nikila chakula chake.

Mashine nimeifunga kwenye boksi lake. Wenzangu wamenuna kwa kuwa tuna harusi tatu mwezi ujao. Wanune. Mkinilazimisha, nimewaambia, nitapiga kwa gitaa kavu.

Ninachokuomba ni kimoja. Usinijibu mimi. Suhaib atakuwa huko wiki mbili. Nunua kaseti tupu, funga mlango, ujirekodi, useme na mama yako kwa sauti yako mwenyewe. Kama unarudi, taja mwezi. Kama hurudi, mwambie hurudi, na umtajie majina ya wajukuu wake hao. Atalia, najua. Lakini nitampelekea Kawe na redio, nitaibonyeza na kutoka nje. Barua ukiituma nitaisoma mimi tena, na nikimwona anavyokaa kusikiliza, sijiamini. Kaseti siwezi kuiongezea neno.

Raudha anakusalimu sana. Lulu naye, amekonda kwa fedheha, anadhani kosa ni la kwake. Mwalimu Projestus anasema anakuombea kwa namna ya kwao. Nisalimie shemeji ambaye sijamwona, na unibusie watoto.

Mungu akupe afya na riziki ya halali, na akupe ujasiri wa dakika tano tu za kaseti hiyo.

Nduguyo nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia,

Farhan