Koo la Joka

Jumatatu, 3 Machi

Wewe bibi mwenye daftari hili, ulipotelea wapi? Tangu mwaka uanze hujaandika hata mstari! Mjukuu wako kakaa jioni chungu nzima anakufundisha herufi, anavumilia huo mdomo wako mkali, halafu unazitelekeza hivi? Huna haya. Shika kalamu.

Haya, nimeshika. Mjukuu kaja karakanani kwangu leo na mchoro. Nimshonee shingo ya joka. Ya ngozi! Nikamwambia mimi nashona viatu, sishoni mashetani. Kacheka. Ijumaa atasimama mbele ya walimu wa chuo aeleze jinsi joka la kutema moto lingeweza kuwepo kweli. Mwalimu wake mmoja wa miwani anasema ni upuuzi. Upuuzi ni miwani yake.

Jumatano, 5 Machi

Nashona, yeye anaongea. Eti mifupa mitupu ndani kama ya ndege, ndiyo maana liliruka. Eti tumboni gesi kama ya ng'ombe — nayo inawaka! Meno yakigongana, cheche. Eti hata leo yupo mdudu anayefyatua maji ya moto kwa matako. Nikasema huyo namjua, ni shemeji yangu. Tumecheka hadi sindano ikanichoma.

Nikamuuliza: mbona lisijiunguze koo lenyewe? Akanikumbatia. "Hilo ndilo swali, bibi! Jibu utalipata Ijumaa."

Siku hiyo atapitisha gesi shingoni aiwashe, joka liteme moto. Hiyo gesi siipendi. Anasema ni kidogo tu, kama ya kibiriti cha gesi. Lakini shingo ataishika kwa mikono yake mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Kaniachia shingo nimalizie ukosi. Nachungulia ndani — makamasi! Utelezi mtupu. Mjukuu wangu asimame mbele ya watu na kitu kama pua ya mwenye mafua? Kazi chafu haijawahi kutoka mezani kwangu. Nimefuta, nimekausha, nimepaka nta ndani kote. Nikaifunga kwenye kitambaa. Simwambii. Atafurahi mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi kapita mbio, kachukua furushi.

Kisha simu, kutoka chuoni. "Bibi, jibu ni ute! Koo la joka lingekuwa na ute mzito, moto usishike. Nami nimeipaka shingo ute wa kutengeneza, ndio unaonilinda mikono. Naingia, nazima simu." Akakata kabla sijafungua mdomo.

Nta. Mimi nimepaka nta!

Napiga — imezimwa. Napiga — imezimwa.

Niko mlangoni mwa ukumbi, kandambili moja imebaki njiani. Mlinzi kasema mama, huruhusiwi, wameshaanza. Nikamwambia nitapita juu ya kichwa chako. Kaona sitanii. Kaingia mwenyewe na neno langu: asiwashe! Kafunga nyuma yake. Naandikia gotini, la sivyo nitauvunja huu mlango.

Ndani kimya. Mbona kimya?

Sasa viti vinaburuzwa. Vingi, kwa pamoja —

Wewe bibi, ukirudi kwenye daftari hili usinianzie na lawama. Andika kwanza mikono yake ikoje.