Kwa Nini Nanunua kwa Wana wa Nyamizi

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Hapa Cheyo sote wazima, na babu yako ameanza tena kwenda msikitini kwa miguu. Umeuliza kwa nini nanunua nafaka kwa wakulima wakati maduka yamejaa unga.

Nilipokuwa msichana, mvua ilikata reli na maduka yakabaki matupu. Nyamizi, mkulima tuliyezoea kununua kwake, akaja na gunia la mtama kwenye baiskeli. Njiani watu walimwomba awauzie, akakataa.

"Kwa nini umetuletea sisi?" mama alimuuliza.

"Mavuno yalipokuwa mengi, wengine walinikimbia," akasema. "Nyie mliendelea kuja."

Jioni hiyo tulisonga ugali, tukawapelekea na majirani. Sasa nanunua kwa wanawe. Ukija likizo nitakupeleka shambani kwao, wakujue na wewe.

Bibi yako