Madoa ya Chai Kwenye Kucha Zako

Mama,

Moraa ndiye anayechuma chai yako sasa. Kikapu ni kile kile, ila mdogo wangu ameifupisha kamba kwa sababu hajafikia urefu wako. Mimi bado niko Suneka na duka langu la nafaka, na bado nina hasira. Ulikuwa ukisema hasira yangu ukiiweka kwenye mizani leo na mwakani, haipungui hata gramu. Haijapungua.

Nianze na vidole vyako. Kila nilipokuja Nyamache Ijumaa, kabla jua halijazama, nilikusugua kucha kwa limau ili Sabato ikukute safi. Mchuma chai yeyote ana weusi ule. Lakini Ijumaa moja ilibaki mistari myembamba chini ya kucha, kama imechorwa kwa kalamu nyekundu ikakauka. Nikasugua mpaka ukavuta mkono. "Wewe, hiyo ni chai, si dhambi. Iache ikae." Tukacheka. Ncha za vidole zilikuuma pia, tukasema ni kuchuma.

Homa ilikuwa ikija jioni, unalowesha shuka. Kliniki ya kwanza ikasema malaria. Ya pili, taifodi. Ya tatu, ulipokonda, wakashuku kifua kikuu, na makohozi hayakuwa na kitu. Hapo katikati muuza dawa wa sokoni alikupa vidonge, ukapata nafuu, ukarudi shambani, homa ikarudi nawe. Mimi ni mtu wa hesabu, Mama. Mgonjwa mmoja, homa moja, majibu matatu: lazima kuna waliokosea. Niliwaambia hivyo. Wakanijibu nirudi dukani nikapime mahindi.

Kinachonichoma ni hiki. Wote walivishika vidole vyako. Walivitoboa, wakakamua damu, wakafuta kwa pamba. Hakuna aliyeangalia kucha. Hakuna aliyekusikiliza moyo.

Daktari wa Kisii mjini ndiye aliyesikiliza. Aliweka kipimo chake kifuani pako kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama utotoni uliwahi kuvimba magoti. Nikamweleza ulivyotusimulia, kwamba kuna muhula mzima ulibebwa mgongoni kwenda shule. Akasema ugonjwa ule ndio uliokwaruza vali ya moyo, mlango mdogo unaopitisha damu, na sasa vijidudu vimejijengea hapo. Ile mistari ilikuwa damu iliyovuja. Maabara wakajaribu kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu yako, hakuna kilichoota. Vile vidonge vya sokoni vilikuwa vimevilaza vijidudu bila kuviua. Picha ya moyo ndiyo iliyovifichua. Wakaanza sindano. Halafu asubuhi moja kipande kikang'oka kwenye vali, kikapanda kichwani, na wewe... uliniangalia tu. Jina langu ulikuwa umelikosa.

Sasa lililonifanya niandike. Juzi Moraa alishikwa na homa. Majirani wakamwambia apitie kwa muuza dawa. Nilifunga duka mchana, siku ya soko, jambo ambalo wewe mwenyewe ungenigombeza kwalo. Nikampeleka Kisii. Nikamwambia daktari, "Hamezi hata kidonge kabla hujamsikiliza moyo na kumwangalia mikono." Akaniona mkorofi. Ni kweli, mimi ni mkorofi. Akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akaviangalia vidole. Moyo safi. Damu ikaonyesha malaria, malaria ya kweli. Mama, nilikaa kwenye benchi pale nikalia, nikimshukuru Mungu kwa malaria.

Lakini kucha zake zilikuwa nyeusi kama zako, na neno la daktari halikunitosha. Jana Ijumaa nikaja Nyamache na limau. Moraa akalalamika kwamba namchubua. Nikaendelea kusugua. Nilikuwa naogopa kufika kidole cha mwisho.

Leo ni Sabato, wengine wako kanisani, mimi niko hapa karibu na ulipolala. Pumzika. Mikono ya Moraa niachie mimi, nitakuja kila Ijumaa mradi niko hai.

Jana weusi wote ulitoka, Mama. Ilikuwa chai.

Wako,
Bosibori